Mrejesho: 504 ya mzee iliyokuwa inachemsha kwenye foleni

Wakuu nimerudi, ni kuhusu ile Peugeot 504 ya mzee niliyouliza mbona inachemsha kwenye foleni tu ila ikitembea haina shida. Aliyesema nisikimbilie kushusha injini nicheki kwanza feni Mungu ambariki, feni yake inashikwa na sumaku ya umeme ndo izunguke, na kile kikaboni (kipande cha kaboni) kinachoipelekea hiyo sumaku umeme kilikuwa kimelika chote, tumeweka kingine tukasafisha na rejeta, sasa natamba nayo mjini mshale wa temperecha umetulia. Rangi na rimu freshi kabisa. Kuilaza chini, yaani kuishusha iwe karibu na ardhi, ndo imegoma, tulikata springi tumbo likawa linakwangua kila tuta, nimerudisha springi ndefu. Asanteni sana, mwenye raba za milango anistue.