Naomba ushauri: kuondoa kromiamu kwenye majitaka ya ngozi kwa bayocha

Ndugu wataalamu, katika kiwanda chetu kidogo cha kusindika ngozi mjini Mwanza tunakusudia kunasa metali ya kromiamu kwa bayocha, yaani makaa ya magunzi ya mahindi yaliyochomwa kwa nyuzi 500 hivi katika tanuri lisilopitisha hewa, kwa sababu majitaka yetu huishia karibu na bustani za mboga, jambo linalotunyima raha. Ninafahamu kwamba kromiamu ya valensi 6 (valensi ni hali ya kikemia ya metali hiyo) hunaswa vyema zaidi kwenye asidi kali, pH 2 hadi 3, ilhali ile ya valensi 3, ambayo ndiyo tunayosindikia ngozi, huhitaji asidi hafifu. Je, nitangulize chokaa ili sehemu kubwa itue chini, kisha bayocha imalizie mabaki? Na bayocha iliyokwisha kushiba kromiamu, ambayo haifai kabisa kupelekwa shambani, ihifadhiwe vipi kwa usalama?