Tupeane uzoefu: unafanya nini na mizinga yako kabla mvua ya Novemba haijashika?

Wafuga nyuki wa Lubumbashi na kandokando, habari za joto. Jakaranda zimemwaga maua barabarani, mti wa muputu porini unachanua. Naanza mimi, tena kwa aibu.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mizinga sita upande wa barabara ya Kasenga. Oktoba nikafungua, masega yamezibwa nta nyeupe juu hadi chini. Nikakata yote. Yote! Nilikuwa na deni la masomo ya mtoto. Mvua ikaja, siku nne nyuki hawatoki. Karibu na Krismasi nikakuta mizinga minne haina mtu, nondo wa nta wametandaza utando wao humo ndani. Sasa naacha masega matatu ya asali kila mzinga, hata mnunuzi asimame mlangoni na pesa mkononi. Ninyi mnaacha mangapi?

Mama wa Kalebuka: Mie manne. Lakini kinachonisumbua ni kundi kuhama. Maua yakiwa mengi wanazaana, nafasi inaisha, wanajenga vyumba vya malkia, vile vinavyoning'inia pembeni mwa sega kama karanga ndani ya ganda. Malkia hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe, kwa hiyo nakagua kila wiki. Mwaka jana nilienda matangani Likasi, kurudi nikakuta nusu ya nyuki wangu kwenye mwembe wa jirani, na jirani ameshika petroli. Nilimpigia magoti. Nikachukua sanduku tupu, nikalisugua nta ya zamani na mchaichai, nikalitundika palepale. Kabla giza halijaingia walikuwa ndani.

Papa wa Kipushi: Kwangu siafu. Miguu ya kichanja cha mizinga naisimamisha ndani ya mikebe ya oili chafu. Mvua ya kwanza ikajaza mikebe, oili ikamwagika, siafu wakapita usiku huohuo. Sasa kila mkebe una kofia ya manjanja, yaani bati, juu yake. Halafu tuseme ukweli: asali ya Oktoba ni ndogo tu. Nategemea ile ya mti wa mutondo, baada ya mvua, na mutondo wa kwetu wameumaliza wachoma makala, yaani mkaa. Nimebaki kuhesabu visiki.

Kijana wa Ruashi: Mayaya, wakubwa zangu, msinitukane. Natumia mizinga ya magome, kama babu.

Papa wa Kipushi: Hatukutukani, mwanangu. Ila ukichuna gome kuzunguka shina lote, mti unakufa. Unakata meza unayolia chakula. Tafuta mbao hata za masanduku ya zamani.

Mama wa Kalebuka: Na upande kitu. Mie nimezungusha vichaka vya kaliandra kwenye ua wote, mbuzi wanakula majani, nyuki wanapata maua. Chibwabwa pia, yaani mmea wa maboga, usichume maua yote kwa mboga. Asubuhi mapema utawakuta nyuki humo, miguu ya njano kwa chavua, wengine wanashindwa hata kuruka.

Kijana wa Ruashi: Aksanti mama. Mbegu za kaliandra unauza?

Mama wa Kalebuka: Nakupa bure. Njoo asubuhi na mapema, na usijipulizie manukato. Saa sita hawa wangu hawana adabu.