"Beta anaishi kwenye glasi": uongo wa wauza samaki umeniulia samaki wangu

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita niliingia duka moja la samaki wa mapambo hapa Arusha, silitaji. Nikachagua beta dume, bluu iliyokolea, mkia kama khanga iliyoanikwa. Nikauliza habari za tangi, filta na hita. Jamaa akacheka: "Bosi, huyu hana gharama. Kwao anaishi kwenye maji ya kwato za ng'ombe. Glasi inamtosha."

Nikanunua samaki, glasi na uongo juu.

Kwao ni Thailand, bonde la mto Chao Phraya: vinamasi, mifereji, majaruba ya mpunga. Ni kweli maji ya jaruba ni mafupi, mengi hayafiki hata goti. Lakini mafupi si machache! Ni eka na eka za maji, majani yamejaa, wadudu wa kula tele, na maji yenyewe ya vuguvugu, nyuzi 25 na zaidi. Mimi nilichovya kipimajoto kwenye glasi alfajiri, Julai hii ya Arusha mnayoijua: 17.

Wanachotuzuga nacho ni hiki: beta ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hafi upesi hata oksijeni ya majini ikipungua. Kuchelewa kufa wao wanakuita kupenda. Na wewe ukifungiwa chooni wiki mbili ukatoka hai, tuseme ulipapenda?

Wiki ya kwanza alijenga kiota cha povu juu ya maji. Kwao dume ndiye mlezi; yai likidondoka analidaka kwa mdomo na kulirudisha povuni. Wangu alikuwa anajenga kwenye glasi ya juisi. Wiki ya tatu amelala chini ubavu, mapezi kayabana kama mwavuli uliofungwa, anapanda kuvuta hewa, anashuka. Juzi hakupanda.

Thailand walimtangaza mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Dukani wamepangwa kwenye vikopo kama viungo vya pilau, kila dume anamtazama mwenzake, mapezi yamesimama kutwa. Jarubani madume wakipigana, aliyezidiwa hukimbilia majanini. Kwenye kikopo atakimbilia wapi?

Nimedai hela yangu, kagoma, eti nilimlisha sana. Halafu anataka kuniuzia mwingine!

Tangi la lita 30 nimeshanunua. Mwenye kujua hita ya bei nafuu inapatikana wapi hapa mjini anijulishe.