Wameleta shamba darasa la dawa ya viwavi bila mstari hata mmoja usiopigwa dawa. Huo ni wizi!

Wakuu, nimetoka shambani sasa hivi, nimekasirika.

Mwezi uliopita walikuja watu wa dawa hapa kwetu Lushoto, na fulana na soda. Wakapuliza robo ekari ya kabichi ya jirani, yote. Asubuhi wakatuita: viwavi wananing'inia kwenye nyuzi, wengine wako chini. Watu makofi. Nami nikanunua chupa nne.

Kiwavi huyu wa kabichi ni wa nondo mgongo wa almasi, kipepeo mdogo wa usiku. Ukimshtua tu anajiachia, ananing'inia kwa uzi wake. Baadaye anapanda tena. Hajafa! Kwangu siku ya tano majani yalikuwa kama nailoni: kala nyama ya jani kutokea chini, kabaki kigozi cheupe kinachopitisha mwanga.

Ndipo nikasoma lebo vizuri. Kiambata amilifu, yaani sumu yenyewe inayoua: lambda-sihalothrini. Nikaenda stoo, nikatoa kopo nililotumia misimu mitatu nyuma. Lambda-sihalothrini. Jina jingine, picha nyingine, sumu ile ile, tena kwa bei ya juu. Na huyu ni mdudu aliyeripotiwa kuizoea sumu ya DDT kule Java, Indonesia, tangu 1953!

Nikajaribu mwenyewe. Mistari kumi na miwili, mpangilio wake nimeuchanganya: minne dawa yao, minne dawa ya bakteria (Bt), minne maji matupu. Zote nimetia sabuni kidogo, maana jani la kabichi lina nta, maji yanateleza. Nikahesabu viwavi kwenye miche kumi ya kila mstari kabla ya kupiga, siku ya tatu na siku ya saba. Siku ya saba, mistari ya dawa yao na ya maji matupu huwezi kuitofautisha. Ya Bt ilikuwa na majani mapya mazima.

Kinachoniuma zaidi ni wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walihangaika kuwaleta Afrika Mashariki, halafu sumu hii inawamaliza wao kwanza.

Mkija tena, acheni mistari ya maji matupu, tajeni kiambata, rudini siku ya saba, na tuhesabu wenyewe.

Jirani bado anawaamini. Wiki hii kapuliza mara ya tatu, jana jioni, na Jumamosi gari linakuja kupakia kabichi zake.