Tupeane uzoefu: muvi za mtu kugeuka mbwa mwitu zilikushikaje?

Wa Ngamiani: Wadau, naziangalia hizi muvi tangu enzi za vibanda vya video hapa Tanga, na kwangu zinazishinda za mazombi na za wanyonya damu. Sisi tumekua na habari za mchawi anayejigeuza fisi. Yule kataka mwenyewe, kajifunza, katoka usiku kwa shughuli zake. Huyu wa kwenye muvi kang'atwa tu. Mchana anapenda watu wake kama kawaida, huku anauona mwezi unavyojaa. Wengine wanaomba wenyewe wafungiwe ndani. Namwogopa na kumhurumia kwa pamoja, na hakuna zombi aliyewahi kunifanyia hivyo. Haya, leteni yenu.

Binti Chumbageni: Mimi nilianzia kwa Michael Jackson, Thriller. Kaka zangu waliweka mkanda sebuleni, macho yake yalipobadilika nikakimbilia kwa mama. Ukubwani ndiyo nikajua kwamba alimtafuta John Landis aiongoze video ile baada ya kuona muvi yake ya 1981, An American Werewolf in London. Nikaitafuta. Jamani, anageuka taa zinawaka! Hakuna giza la kumfichia. Kiganja kinarefuka, mgongo unanyanyuka, kijana wa watu analia kwa maumivu. Ile ni ngozi za mpira na mitambo ya fundi Rick Baker, hakuna kompyuta pale, na Oscar ya kwanza kushindaniwa kwa kazi ya kupamba sura aliichukua yeye. Hizi za sasa mnyama anaruka tu ukutani, maumivu hayapo kabisa.

Mzee wa Pangani: Wanangu, mmeiruka The Wolf Man ya 1941, aliyoigiza Lon Chaney Jr. Anasikia msichana anashambuliwa porini, anakwenda kumwokoa, anamuua mbwa mwitu kwa bakora yenye kichwa cha fedha. Kang'atwa humo humo, katika kutenda wema. Mwisho anauawa kwa bakora ile ile, na anayeipiga ni baba yake mzazi, hajui anampiga nani. Maiti inarudi taratibu kuwa sura ya mwanawe. Nina watoto wa kiume. Niliinuka nikaenda kukaa barazani.

Mhandeni: Mimi ziliniharibia mbalamwezi. Kwetu usiku wa mwezi kumi na nne ulikuwa wa kombolela mpaka tuitwe kwa ukali. Fisi tulimsikia mbali, bibi akikataza asitajwe, basi, tunaendelea kucheza. Baada ya muvi moja tu nikawa wa kwanza kuingia ndani.

Wa Ngamiani: Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa baba umenigusa, maana mimi siku zote namtazama anayegeuka, sijawahi kumfikiria anayebaki na bakora mkononi. Naitafuta usiku huu. Wa Bagamoyo mbona kimya?