Septrini ya kila siku ya nini na sikohoi?

Mkunde: Wakuu, nina mwezi wa pili kwenye ARV (dawa za VVU), CD4 (chembe za kinga ya mwili) 140, kliniki wamenipa na Septrini (antibayotiki) miligramu 960 kila siku, sasa mi sikohoi wala nini, mbona naongezewa vidonge?

Fundi_Dawa: Usiache mkuu. CD4 ikiwa chini ya 200 kuna fangasi anaitwa Pneumocystis anavamia mapafu, kikohozi kikavu, homa, ukipanda ngazi mbili tu pumzi huna, hiyo dawa inamzuia kabla hajaanza.

BiMdogo: Mi ilinitoa vipele mwili mzima siku ya tisa, nikarudi mbio wakanibadilishia dawa nyingine, dapsoni. Ukiona vipele au midomo inachubuka usisubiri tarehe ya kliniki.

Mkunde: Kumbe! Naacha lini sasa?

Fundi_Dawa: CD4 ikipanda ikatulia, wao ndo watakwambia.