Ijumaa moja London: makumbusho mchana, thieta usiku. Yawezekana?

MwanaWaKibokoni:
Assalaam alaykum jamaa. Naenda London Septemba kwa muhula mmoja, narudi Mombasa kabla ya Krismasi. Ijumaa sina masomo. Nataka Ijumaa moja ya Novemba niingie British Museum, nisali Jumaa, niongeze makumbusho mengine kama nafasi ipo, halafu usiku niangalie mchezo wa jukwaani. Tiketi ya thieta isizidi pauni 30. Nilichozoea ni Fort Jesus na michezo ya shule, kwa hivyo mambo ya foleni, viti na mavazi siyajui. Nianze wapi?

Ami_Majengo:
Wa alaykum salaam mwanangu. Anza na tiketi ya usiku, kisha upange siku kwa kurudi nyuma. Watu huharibu hapo: wanapanga makumbusho, wanafika jioni miguu imechoka, tiketi zilizobaki ni za bei kubwa au za nyuma ya nguzo.

Sasa saa. Tiketi itaandikwa 19:30, nayo ni saa moja unusu usiku, si saa nyingine. Tena Uingereza hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hivyo Novemba wao wako nyuma yetu saa tatu kamili. Jua la huko si kama la kwetu la saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Katikati ya Novemba linazama kitambo kidogo baada ya saa kumi jioni, na Alasiri huingia hata saa tisa haijafika. Hili lakufaa: ukishasali Jumaa ukangoja kidogo, wasali Alasiri pale pale msikitini.

British Museum hufunguliwa saa nne asubuhi, kuingia ni bure, lakini chukua tiketi ya bure ya saa maalumu kwenye tovuti yao. Usibebe sanduku la magurudumu, utarudishwa mlangoni. Wengi hujazana mlango mkubwa wa Great Russell Street. Jaribu wa nyuma, Montague Place, ambao mara nyingi foleni yake ni fupi na ndio utakaotokea ukienda msikitini.

Usijaribu kumaliza. Si Fort Jesus ile ya kuzunguka kwa saa moja na nusu. Namba za vyumba zapita 90. Kwa muda usiofika saa mbili ulio nao, chagua sehemu tatu. Chumba 25, chini, cha Afrika: mabamba ya shaba ya ufalme wa Benin (Nigeria ya leo) yaliyotekwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897, na sanamu ya Mti wa Uhai iliyotengenezwa kwa bunduki zilizokatwakatwa baada ya vita vya Msumbiji. Chumba 42 na 43, juu, vya ulimwengu wa Kiislamu. Mwisho chumba 4 penye Jiwe la Rosetta, lile lililosaidia kusomwa maandishi ya Misri ya kale, kwa dakika tano tu, maana pale watu hupigana vikumbo kama wanaoshuka feri Likoni. Maiti za Misri ziache siku nyingine. Asubuhi hiyo angalia tovuti, kwa sababu vyumba hufungwa ghafla.

Saa sita kasorobo uwe nje. Tembea hadi kituo cha Euston Square, dakika 15, panda treni ya kwenda magharibi, kituo cha pili ni Baker Street. Hapo hadi msikiti mkuu wa Regent's Park ni mwendo wa miguu wa dakika 10 hadi 15. Saa ya khutba itazame kwenye ratiba yao ya wiki hiyo.

Chakula ni Edgware Road, mikahawa ya Kiarabu imepangana barabara nzima. Shiba hapo, maana karibu na thieta bei hupanda na halali ni ya kuulizia. Kuna vituo viwili vya treni vyenye jina hilo hilo, majengo mbalimbali. Wewe wataka kile cha laini ya Bakerloo, kitakupeleka Charing Cross bila kubadilisha. Ukitoka juu uko Trafalgar Square, na National Gallery, makumbusho ya michoro, iko mbele yako.

Hiyo nayo ni bure, na Ijumaa hufungwa saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili. Oktoba 2024 walipiga marufuku vinywaji kuingizwa ndani, baada ya michoro kurushiwa supu na wanaharakati, kwa hivyo maji yako yanywe nje. Saa moja na nusu yatosha. Kuna viti vya kukaa katikati ya vyumba, vitumie bila haya.

BintiTudor:
Ami amemaliza mchana, mimi nigusie usiku.

Mdogo wangu, pauni 30 inawezekana ukiwa na njia zaidi ya moja. Thieta nyingi hutoa viti vichache vya bei nafuu asubuhi ya siku yenyewe kupitia programu za simu, nyingi saa nne. Uwe umejiandikisha na kadi umeiingiza tangu jana, maana huisha kwa dakika. Ukikosa, kibanda cha TKTS, kinachouza tiketi za thieta zilizopunguzwa bei, kiko Leicester Square, dakika tano kutoka National Gallery. National Theatre huuza tiketi za pauni 10 za wiki inayofuata kila Ijumaa saa saba mchana. Saa hiyo wewe uko msikitini, kwa hivyo hiyo iombee rafiki akununulie.

Nunua kwenye tovuti ya thieta yenyewe. Tovuti za katikati huongeza ada mwisho kabisa, na wauzaji wa barabarani usiwasikilize.

Viti: stalls ni chini karibu na jukwaa, dress circle ni ghorofa ya kwanza, upper circle juu yake, balcony kule darini. Majumba mengi yale ni ya zamani, ghorofa zimeshikiliwa na nguzo za chuma, na ngazi za balcony ni nyingi. Ukiona tiketi imeandikwa "restricted view", ujue kuna nguzo, ukingo au pembe itakayokukata sehemu ya jukwaa. Kiti cha pembeni katika safu ya mbele ya upper circle mara nyingi kina faida kuliko cha katikati balcony. Ni maoni yangu, wengine watabisha.

Mavazi hayana sharti. Koti zito utalikalia, maana juu kuna joto. Fika dakika 30 mapema, begi hukaguliwa. Ukichelewa utangojeshwa nje hadi pawe na nafasi katika mchezo, wakati mwingine hadi mapumziko.

MwanaWaKibokoni:
Shukran sana ami, shukran dada. Nimesikia thieta ya Globe, ile ya Shakespeare, ina tiketi za kusimama za bei ndogo. Novemba vipi? Na kurudi usiku je?

BintiTudor:
Uwanja wa wazi wa Globe ni wa msimu wa joto hadi Oktoba hivi. Unafika Septemba, basi uwahi: unasimama saa mbili na zaidi, kukaa chini hawaruhusu, mwavuli ni marufuku, mvua ikija ni koti la plastiki. Paa lake la nyasi litakukumbusha makuti. Ile Globe ya asili iliungua mwaka 1613, mzinga uliopigwa ndani ya mchezo uliwasha nyasi. Novemba wana ukumbi wa ndani unaowashwa mishumaa, ila viti vyake ni mabenchi.

Ami_Majengo:
Mchezo huisha saa nne au nne unusu usiku. Ijumaa baadhi ya laini za treni hukesha: Victoria, Jubilee, na sehemu za Central, Northern na Piccadilly. Bakerloo haimo. Basi halipokei pesa taslimu. Gonga kadi ya benki kwenye mashine mara moja tu ukipanda. Kwenye treni gonga kuingia na kutoka, kwa kitu kile kile. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama benki ni moja, mashine yahesabu watu wawili na kila mmoja anatozwa nauli ya juu.